Malindi, Calicut na Neno "Mgeni"

Kuna dhana iliyoota mizizi nchini, hasa huku bara, kwamba Mhindi aliletwa Kenya na reli, na kwamba kabla ya mwaka 1896 hapakuwa na uhusiano wowote wa maana baina yetu na Bara Hindi. Dhana hiyo ina nduguye: kwamba Kiswahili, kwa kuwa kina maneno mengi ya Kiarabu, ni lugha ya wageni iliyopandishwa huku kutoka pwani. Nikiwa mwanaisimu mkazi wa Salgaa, mahali ambapo malori ya kutoka Mombasa kwenda Uganda na Kongo hupumzika usiku na mchana, naona haja ya kuzipinga zote mbili kwa pamoja.

Miji ya Malindi na Calicut, ambao leo huitwa Kozhikode katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, inatazamana kupitia bahari moja. Kaskazi, uvumao takriban Desemba hadi Machi, ulivileta vyombo huku; kusi ukavirejesha. Nahodha aliyekosa majira alingoja miezi, na katika kungoja huko aliuza, alinunua, alioa. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi Aprili, 1498, alikuta merikebu nne za Wahindi zimemtangulia. Hakuvumbua njia yoyote. Alipewa rubani aliyeijua, na tarehe 20 Mei akawa amefika pwani ya Calicut. Kwa miaka mingi tumeambiwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid wa Omani, ilhali baadhi ya waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walimtaja kuwa mtu wa Gujarat. (Hadithi tamu, ndugu msomaji, haifi upesi.) Nayo magofu ya Gedi, yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, yametoa shanga za Bara Hindi zilizokaa ardhini karne nyingi kabla ya reli.

Sasa tuje kwenye lugha. Kimalayalam, lugha ya Kerala, kimekopa mno kutoka Kisanskriti, na Waislamu wa huko, Mappila, walikiandika kwa hati za Kiarabu kama wahenga wetu walivyoandika tenzi. Hata hivyo, hakuna mwanaisimu anayethubutu kukitoa katika jamii ya lugha za Kidravidi, maana ukoo wa lugha hutambulika kwa sarufi yake, si kwa bidhaa ilizonunua sokoni. Kwa nini basi Kiswahili, ambacho ngeli zake na vitenzi vyake ni vya Kibantu waziwazi, kila mara kidaiwe cheti cha kuzaliwa?

Isitoshe, sikilizeni mazungumzo ya hapa Salgaa. Dereva ameegesha gari lililobeba magunia; anaagiza chapati, anatoa pesa, huku akinung'unika kuhusu bima. Maneno hayo matano yametoka Bara Hindi, ingawa aghalabu kwa mkono wa Wagujarati na Wahindi wa kaskazini kuliko watu wa Calicut. Anayazungumza na Mkalenjin, Mkikuyu, Mkisii na Mturkana, wala hakuna hata mmoja anayeyaona mageni.

Jambo hili si la darasani tu. Katika Bonde la Ufa neno "mgeni" limewahi kuchoma nyumba, mwaka 1992 na tena 2007 na 2008. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, lakini mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ililazimika kuorodhesha "madoadoa" miongoni mwa maneno ya chuki. Tumempokea aliyevuka bahari, tukaendelea kumhesabia siku jirani aliyevuka kilima.

Nashauri kwamba walimu wa historia katika shule za Rongai na Nakuru waanze somo la Wahindi nchini kwa pepo za kaskazi na kusi, wala si kwa mataruma ya reli. Nao walimu wa Kiswahili wawatume wanafunzi wao hapa Salgaa, kwa idhini ya wazazi na mchana, wakaandike maneno wanayoyasikia na asili ya kila moja. Kamusi zipo, na kazi hiyo haihitaji zaidi ya kalamu na daftari.