Kalamu ya Mtunzi na Mwenye Kuimiliki

Tarehe 26 Agosti, 2024, kampuni ya MakeMusic ya Marekani ilitangaza kwamba haitaendelea tena kutengeneza Finale, programu yake ya kuandikia nota za muziki kwa kompyuta. Kwa mtu asiyeshughulika na muziki, habari hiyo haikuwa na uzito kupita ile ya duka kufunga milango. Lakini kwa watunzi, walimu wa muziki na wanakili wa nota katika nchi nyingi lilikuwa jambo zito. Finale ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Wapo walioianza wangali wanafunzi, na siku ya tangazo walikuwa wakikaribia kustaafu, huku kazi yao ya miaka yote imo ndani ya mafaili ambayo programu hiyo peke yake ndiyo inayoyasoma kwa ukamilifu.

Kilichostahili kuangaliwa zaidi ni sharti lililoandamana na tangazo hilo. Kampuni ilieleza hapo mwanzo kuwa baada ya mwaka mmoja, mtu aliyekwisha kuilipia programu hiyo hataweza tena kuisajili katika kompyuta nyingine. Maana yake ni kwamba kompyuta ya mtunzi ikiharibika, na kazi yake imefungwa. Kelele zilipozidi kampuni ililegeza sharti hilo upesi. Haina budi ielezwe kwa haki kwamba sababu iliyotolewa ilikuwa na ukweli ndani yake: programu iliyojengwa juu ya mamilioni ya mistari ya maagizo yaliyorundikana kwa zaidi ya miaka thelathini ni mzigo mkubwa kuitunza. Hata hivyo mwenye mzigo aliutua, na waliobaki wakiutazama ni wengine.

Wateja waliombwa wahamie Dorico, programu ya kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, kwa bei iliyopunguzwa. Dorico nayo ina historia yenye funzo. Waliobuni programu hiyo ni mafundi waliokuwa wakitengeneza Sibelius mjini London, mpaka mwaka 2012 mwajiri wao, kampuni ya Avid, alipoifunga ofisi yao. Steinberg ikawaajiri, wakaanza upya, na mwaka 2016 Dorico ikatoka. Kwa hiyo katika muda wa miaka kumi na miwili tu, kalamu mbili kubwa za watunzi zilitikiswa kwa maamuzi ya wenye hisa ambao pengine hawajui hata kusoma nota.

Hapana shaka kwamba programu hizi zimeleta nafuu isiyo na kifani. Zamani mtunzi wa okestra alipomaliza kuandika, kazi kubwa ndiyo kwanza ilianza: wanakili walikesha wakitoa kwa mkono karatasi ya kila mpigaji, moja ya filimbi, moja ya tarumbeta, nyingine ya fidla, na kila karatasi ikiwa na makosa yake. Leo kompyuta hutoa karatasi hizo kwa dakika chache. Mtunzi akitaka kuupandisha wimbo mzima kwa sababu waimbaji wake wana sauti nyembamba, haimbidi kuandika upya hata nota moja.

Nafuu ya pili ni maktaba za sauti. Katika Vienna ilianzishwa mwaka 2000 kampuni iitwayo Vienna Symphonic Library, ambayo ilijenga ukumbi maalumu kwa ajili ya kurekodi vyombo vya okestra kimoja kimoja. Kila nota hupigwa kwa ulaini, kwa nguvu ya wastani na kwa nguvu nyingi. Hupigwa kwa mkato na kwa kuvutwa. Na hata mwendo wa kutoka nota moja kwenda nyingine hurekodiwa peke yake. Nota moja hiyo hiyo hurudiwa mara kadhaa, kwa sababu sikio la mwanadamu si jepesi kudanganyika: kompyuta ikicheza rekodi ile ile mfululizo, fidla hulia kama bunduki ya rashasha. Mwaka 2019 kampuni ya Spitfire Audio ya Uingereza ilitoa maktaba ya sauti za okestra ya BBC, na baadaye toleo dogo ambalo hata mwanafunzi aliweza kulipata. Hivyo kijana asiyewahi kukaa mbele ya okestra anaweza leo kuisikia kazi yake chumbani mwake.

Lakini ataisikia kwa uongo kiasi fulani. Tarumbeta ya kompyuta haivuti pumzi. Itapiga dakika tano bila kituo, na mtunzi asipofundishwa ataiandikia hivyo hivyo mtu mwenye mapafu na midomo. Filimbi katika sauti zake za chini ni dhaifu, na mbele ya tarumbeta nne haisikiki; kwenye kompyuta inatosha kusogeza kidude kimoja nayo ikaunguruma. Mwalimu wa muziki anayempa mwanafunzi programu bila kumpeleka walau mara moja kwa mpigaji wa kweli, hata kama ni wa bendi ya shaba, anamfundisha nusu ya kazi.

Lipo pia suala la wapigaji wenyewe. Hofu hiyo ni ya siku nyingi. Kinanda kiitwacho Mellotron, kilichoanza kutengenezwa Birmingham mwaka 1963, kilikuwa na kanda chini ya kila kibonyezo, zenye sauti za vyombo halisi zilizorekodiwa, na wanamuziki wa Uingereza waliona mara moja kuwa riziki yao imeguswa. Mpigaji anayerekodiwa leo kwa ajili ya maktaba anatoa sauti itakayofanya kazi hata baada ya yeye kufa. Ni haki basi apate sehemu ya kila mauzo, wala si ujira wa siku tu.

Kwa Tanzania jambo hili si la mbali. Watunzi wengi wa nyimbo za kwaya hapa nchini sasa huandika kwa kompyuta, na karatasi zao husambaa kutoka kwaya hadi kwaya. Lakini sauti walizowekewa ni za nani? Orodha ya sauti 128 iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1991 ina kundi moja la vyombo vinane lililoitwa la kikabila. Katika kundi hilo Afrika iliwakilishwa na kalimba peke yake. Na hata hiyo, programu huipiga kwa vipimo vya piano, ilhali ilimba ya Wagogo ina vipimo vyake. Inawezekana kuilazimisha programu ipige sawasawa, ila ni kazi ya nota moja baada ya nyingine, na wachache wana subira hiyo.

Njia za kujikinga zipo, na hazina gharama. Muundo wa faili uitwao MusicXML, uliotolewa mwaka 2004, husomwa na programu nyingi, na tangu 2015 uko chini ya jumuiya ya W3C inayosimamia kanuni za mtandao. Ajabu ni kwamba kabla ya hapo ulikuwa mali ya MakeMusic yenyewe. Hauhifadhi mpangilio wote wa ukurasa, lakini nota zinabaki. MuseScore nayo, iliyoanzishwa na Mjerumani Werner Schweer mwaka 2002, ni programu huria: haiuzwi, na maagizo yake yako wazi kwa yeyote, hivyo hata wanaoitunza wakichoka, wengine wanaweza kuiendeleza.

Wakuu wa shule na maofisa wa utamaduni wanaoidhinisha fedha za kununulia programu wana haki ya kumwuliza muuzaji, kabla ya kutia sahihi, iwapo kazi za wanafunzi zitafunguka siku ambayo kampuni yake haipo. Na kila utunzi uliokamilika uchapwe pia kwenye karatasi na kuwekwa kabatini. Bach alifariki mwaka 1750, na nota alizoziandika kwa mkono wake zinasomeka mpaka leo bila kumwomba mtu idhini.