Kikaragosi Kisichosema na Uhakiki wa Drama

Aghalabu wahakiki huiona drama kuwa ni maneno ya wahusika, na mandhari na maleba kuwa mapambo tu. Kazi ya Jiří Trnka (1912-1969), Mcheki aliyechonga vikaragosi na kubuni majukwaa kabla ya kuingia katika filamu, yaukanusha mtazamo huo. Nyuso za vikaragosi vyake hazikubadilika; hisia zilitokana na mwanga, mkao na jinsi kamera ilivyowekwa. Katika Ruka (1965), yaani 'Mkono', mfinyanzi asiyesema neno anashurutishwa na mkono mkubwa kuufanyia sanamu. Watawala waliielewa maana yake: baada ya kifo cha Trnka filamu hiyo ilipigwa marufuku. Ikiwa wadhibiti waliweza kuisoma sanaa isiyo na maneno, wahakiki hawana udhuru wa kutoisoma.