Maelezo Hayo Yalipatikana Vipi?

Kila tukikaa na vijana kuzungumza juu ya watu wanaokamatwa kwa tuhuma za ugaidi, hakosi mmoja wa kusema: "Sawa, mateso ni mabaya, lakini si yanasaidia kupata habari?" Wengine huisema kwa sauti ya chini, wengine wanaiamini kabisa. Hoja hii haijibiwi kwa hasira. Kuna kisa kinachoijibu, na mengi yake yamo kwenye ripoti ya kamati ya Seneti ya Marekani ya mwaka 2006.

Mwishoni mwa 2001, Mlibya aitwaye Ibn al-Shaykh al-Libi alikamatwa Pakistan akitokea Afghanistan. Tuseme ukweli, huyu hakuwa mpita njia. Alihusika kuendesha kambi ya mafunzo ya Khaldan, na hatuandiki hapa kumsafisha. Wapelelezi wa FBI walianza kumhoji Bagram kwa njia ya kawaida, kwa mazungumzo. CIA wakamtwaa, na Januari 2002 akasafirishwa hadi Misri. Kwa nini Misri na si mahakamani New York? Jijibu mwenyewe.

Huko, kwa maelezo aliyowapa CIA baadaye, aliulizwa kuhusu uhusiano wa al-Qaeda na Iraq. Akasema hajui kitu. Akafungiwa ndani ya sanduku la kama sentimita 50 kwa 50, kwa muda wa saa 17 hivi. Alipotolewa alipewa nafasi ya mwisho ya "kusema kweli". Jibu halikuwaridhisha, akapigwa ngumi kwa robo saa. Ndipo akatunga hadithi: ati watu watatu wa al-Qaeda walikwenda Iraq kujifunza silaha za nyuklia. Akatumia majina ya watu wa kweli, ili asije akayasahau. Waliomhoji wakafurahi. Akahamishiwa chumba kikubwa, akapewa chakula.

Siku chache baadaye wakamrudia, sasa wanataka habari za silaha za kibayolojia. Hapo akakwama, manake hakuelewa hata maana ya neno lenyewe. Akapigwa tena. Hebu isome hiyo pole pole. Mtu anapigwa kwa sababu ameshindwa kujua ni uongo gani anaotakiwa kuusema.

Na usidhani walidanganyika wote. Februari 2002, shirika la ujasusi la jeshi la Marekani liliandika kwamba huenda mtu huyu anawapotosha kwa makusudi wanaomhoji, na kwamba Saddam mwenyewe alikuwa akiviogopa vikundi vya kidini. Onyo lilikuwepo mwaka mzima kabla ya vita. Lakini uongo ule ulikuwa na wateja.

Oktoba 7, 2002, Rais Bush alisimama Cincinnati akatangaza kwamba Iraq imewafundisha watu wa al-Qaeda kutengeneza mabomu, sumu na gesi za kuua. Siku chache baadaye Bunge la Marekani likapitisha ruhusa ya kutumia jeshi. Februari 5, 2003, Colin Powell akaisimulia hadithi hiyo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Hakutaja jina la al-Libi. Alisema tu kwamba ni gaidi wa ngazi ya juu. Sanduku hakulitaja, wala Misri. Mwezi uliofuata mabomu yakaanza kuanguka Baghdad.

Hatusemi vita vile vilianzishwa na maneno ya mfungwa mmoja. Waliovitaka walivitaka tangu mapema, na walikuwa na visingizio vingine. Lakini walihitaji kitu cha kuiunganisha Iraq na Septemba 11, na kitu hicho walikipata ndani ya sanduku. Al-Libi aliyakana maneno yake mwanzoni mwa 2004, na CIA wakaziondoa taarifa zilizotokana naye. Wakati huo Iraq ilikuwa imeshavamiwa. Waliokufa katika miaka iliyofuata ni mamia ya maelfu. Yeye mwenyewe alifia katika gereza la Abu Salim, Tripoli, mwaka 2009. Serikali ya Gaddafi ilisema alijiua.

Mambo haya hayakuishia kwa Waarabu. Mvuvi mmoja wa Zanzibar alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akateswa katika gereza la siri la CIA huko Afghanistan, akaachiliwa 2008 na karatasi inayosema si tishio kwa Marekani. Zaidi ya miaka mitano, halafu karatasi! Mkenya mmoja naye alichukuliwa hapa Mombasa Februari 2007, akapelekwa Guantanamo, akarudishwa Desemba 2024 bila kuhukumiwa kwa lolote. Hesabu mwenyewe, ni karibu miaka 18.

Kwa hivyo ukiona kichwa cha habari "mshukiwa akiri", usikimbilie kusambaza, na usikimbilie kukana pia. Uliza: amekiri wapi, mbele ya nani, siku ya ngapi tangu akamatwe? Katiba yetu, kifungu cha 25, inasema haki ya kutoteswa haipunguzwi kwa sababu yoyote, na ugaidi umo humo. Kifungu cha 50(4) kinaitaka mahakama ikatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu, ikiwa kuupokea kutaharibu haki katika kesi. Na Sheria ya Ushahidi inasema kukiri hakukubaliki mpaka kufanyike mahakamani mbele ya hakimu au jaji, ama mbele ya afisa wa polisi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe.

Mtu huyo wa tatu anaweza kuwa mzazi, ndugu au wakili. Ukipigiwa simu usiku kwamba mwenzako yuko kituoni, nenda, usiende peke yako, na swali la kwanza liwe kama ameshaandikisha lolote na nani alikuwa chumbani.