HESABU ZA MAUMBO NI NGAO YA MKULIMA

Ndugu msomaji, chukua shamba la mraba, hatua 70 kila upande. Shamba kama hilo twalihesabu kuwa eka moja. Sasa aje mnunuzi akuambie: "Nikatie hatua 140 kila upande, nami nitakulipa eka mbili." Je, ni wangapi kati yetu watakaopokea fedha na kumshukuru? Hao watakuwa wametoa eka mbili bure! Maana 70 mara 70 ni 4,900, lakini 140 mara 140 ni 19,600. Upande ukizidi mara mbili, eneo huzidi mara nne. Asiyejua hesabu hii huporwa mchana kweupe, tena kwa dole gumba lake mwenyewe.

Basi twasikitika kuwasikia wazee wengine wa Kilwa na Lindi wakisema kwamba hesabu za maumbo na uwiano ni mambo ya kigeni, hayamfai mtoto wa mvuvi wala wa mkulima wa ufuta. Ya kigeni kwa nani? Nendeni Kilwa Kisiwani mkatazame Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzo wa karne ya 14. Ndani yake limo birika la pembe nane. Mwenye kutaka pande nane zilingane na pembe zake nazo zilingane, sharti kila pembe ya ndani iwe digrii 135. Kazi hiyo haifanywi kwa kubahatisha.

Hata leo fundi mwashi akipiga msingi huvuta kamba: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na mshazari ukitoka futi 5 ajua kona yake imenyooka. Nyumba ikiwa kubwa, hutumia 6, 8 na 10, kwa uwiano ule ule. Ubaoni jambo hilo huitwa kanuni ya Pythagoras, na mtoto wa fundi huyo huyo hutetemeka akiliona!

Kosa si la mtoto. Hukaririshwa kanuni asiyopata kuipima kwa mkono. Tena akishazoea kusema pembetatu na mzingo katika shule ya msingi, akiingia sekondari ya serikali huanza upya kwa Kiingereza. Kisha twauliza kwa nini Hisabati huangusha wengi katika mtihani wa kidato cha nne.

Waalimu, watoeni watoto uwanjani na kamba na mambo. Wapime kiwanja cha shule, wapige kona, wakate eka. Wazazi, mtoto akirudi nyumbani mpeni shamba alipime, naye awaonyeshe hesabu yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ardhi ndiyo mali yetu, na daftari lake ni vipimo. Tujifunze kuipima wenyewe, kabla hajaja wa kutupimia.