Picha ya Mwanafunzi Haipimi Ukuta

Sigalagala iko kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, mbali na bahari. Hata hivyo, yanayofanyika katika karakana zake yanatuhusu sisi watu wa pwani. Mwaka 2016 chuo hicho kilipandishwa hadhi na kuwa taasisi ya kitaifa ya ufundi, sambamba na chuo chetu cha Mombasa, kile ambacho wengi bado tunakiita Mombasa Technical ingawa sasa ni Kenya Coast National Polytechnic. Vyuo hivi vyote vinaelekezwa kwenye mfumo mmoja wa kufundisha, yaani mafunzo ya umilisi.

Mfumo wenyewe mimi naukubali. Kwa miaka mingi tulitoa vijana walioweza kuandika kurasa tatu juu ya umeme lakini swichi ya nyumbani ikawashinda kufunga. Sasa mwanafunzi wa uashi anatakiwa ajenge ukuta, mkufunzi atazame, kisha aamue: umilisi ameufikia, au bado. Mafundi wa majahazi wa Lamu wamefundishana hivyo tangu zama za mababu, na hakuna aliyewaletea karatasi ya mtihani.

Tofauti ni kwamba fundi wa Lamu hakuwa na simu. Katika mfumo huu mpya kila mwanafunzi huwa na faili la ushahidi, na ushahidi huo aghalabu ni picha na video zake akiwa kazini. Faili lina sababu yake. Wakaguzi hutoka nje ya chuo, na wanahitaji kuona kwamba mkufunzi hakumpendelea mtu. Shida ni pale picha inapopigwa kwa simu ya mkufunzi mwenyewe, ikakaa humo pamoja na picha za arusi na za watoto wake, kisha ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na mwisho ikatokea kwenye ukurasa wa matangazo ya kutafuta wanafunzi wapya.

Chukueni mfano wa darasa la ususi na urembo. Wasichana hufanyiana mazoezi wao kwa wao. Binti yako amevua hijabu kwa sababu chumbani ni wanawake watupu, na hapo hajakosea kitu. Ikipigwa picha ya ushahidi, kichwa chake hakiko tena mbele ya wanawake kumi. Hajui kiko mbele ya nani. Akikataa kupigwa, anahofia kuandikiwa kwamba bado hajafikia umilisi.

Sheria haiko kimya. Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Kwa mtu mzima, na wengi wa vyuoni ni watu wazima, idhini ni yake mwenyewe. Lazima aitoe kwa hiari, na anaweza kuiondoa wakati wowote. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Naona skuli nyingi zilichukua somo moja tu hapo: andaa fomu, mzazi atie sahihi siku ya kuandikisha, yaishe. Lakini kumpima mwanafunzi ni jambo moja na kukitangaza chuo ni jambo jingine. Sahihi moja haiwezi kubeba yote mawili.

Na tusiwasukumie walimu peke yao. Tangu mtaala wa umilisi uanze kwenye skuli za msingi mwaka 2019, wazazi tumezoea kumpiga mtoto picha akiosha vyombo au akipika, tukaituma kundini, tena kwa fahari. Dini imetufundisha kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Leo jiko lako linaingiwa na nyumba arubaini kabla ya magharibi, na hakuna aliyebisha.

Juu ya hayo, picha haifundishi. Inaonyesha kwamba kijana alisimama karibu na ukuta. Haionyeshi kama ukuta umenyooka. Timazi ndiyo inayoonyesha hilo, pamoja na maswali mawili matatu ya mwalimu aliye pale pale: mchanga umepima vipi, kwa nini umeanzia pembeni? Mkufunzi anayeuliza hivyo na kuandika alichokiona hahitaji picha ishirini. Inamtosha picha ya mikono na ya kazi iliyokamilika, yenye namba ya mwanafunzi badala ya sura, ihifadhiwe kwenye kompyuta ya chuo na ifutwe cheti kikishatoka. Kwenye ususi, kuna vichwa vya sanamu.

Anayeona haki yake imevunjwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Huo ni muhula mzima, na picha inafika Kakamega kutoka Mombasa kwa sekunde moja. Ndiyo maana swali la nani anaishika simu, na picha zinakwenda wapi, ni bora liulizwe siku ya kujiandikisha, kabla karo haijalipwa.