Televisheni Ionyeshwe kwa Matangazo Tunayotazama

Miongoni mwa bidhaa ambazo bei yake imeporomoka mbele ya macho yetu, ni chache zilizoporomoka kama televisheni ya kioo kipana, hata chombo ambacho zamani kilikuwa pambo la kumbi za mahoteli na majumba ya matajiri, leo hukiona kila mwisho wa wiki kikipandishwa kilima cha Bugolobi jijini Kampala juu ya bodaboda, kikielekea kwenye ghorofa za Bugolobi Flats, kwenye nyumba za kupanga za kandokando ya Luthuli Avenue, na kwenye vyumba viwili viwili vya walimu, wauguzi na makarani waliojinyima ili watoto wao watazame mpira nyumbani badala ya kukesha katika vibanda vya video. Simo katika kundi la wanaowalaumu watu hawa kwa israfu. Uganda ilipoanzisha televisheni yake mwaka 1963, na hata Tanzania Bara ilipoipata ya kwake mwaka 1994, kioo kilikuwa kidogo na macho yaliyokikodolea yalikuwa mengi. Sasa kioo kimekua, na bibi mwenye macho hafifu anaweza kusoma mwenyewe maandishi yapitayo chini ya taarifa ya habari bila kumsumbua mjukuu. Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalipochezwa Kenya, Tanzania na hapa kwetu katika uwanja wa Namboole, jamaa ambao hawakupata tiketi waliketi pamoja mbele ya vioo hivyo, na jambo liwaketishalo pamoja baba, mama na watoto kwa saa mbili si la kudharauliwa hata kidogo.

Ninalolalamikia ni namna chombo hiki kinavyouzwa. Ingia katika duka la vyombo vya umeme mjini Kampala, utakuta ukuta mzima wa televisheni zimewashwa pamoja, na zote zinaonyesha filamu moja fupi ijirudiayo bila kikomo: kasuku mwekundu anakunjua mbawa, maji yanaporomoka kwenye mwamba mweusi, matone ya rangi yanapasuka polepole hewani. Filamu hiyo ilipigwa kwa kamera ghali kwa madhumuni ya kuuzia televisheni tu, imehifadhiwa katika flashi iliyochomekwa nyuma ya chombo, na chombo chenyewe kimewekwa katika hali ya dukani, ambapo taa za ndani huwaka kwa nguvu zote na rangi hukolezwa kupita kiasi ili zishindane na taa za dari. Katika duka moja la namna hiyo nilimsikia mzee mmoja akimwomba muuzaji kwa upole, "Mwanangu, hebu nifungulie UBC nione habari," naye kijana akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, hapa hatuna antena, lakini ukifika nyumbani itang'aa hivi hivi." Mzee akalipa. Yamkini kijana yule aliamini alichokisema, maana hakuna aliyemfundisha vinginevyo. Lakini hesabu inamkanusha.

Kioo kiitwacho 4K kina nukta 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, yaani nukta 8,294,400 kwa jumla. Chaneli nyingi tuzipatazo kwa antena na kwa ving'amuzi vya bei nafuu bado huletwa kwa kipimo cha zamani cha nukta 720 kwa 576, ambazo jumla yake ni 414,720. Gawanya, utapata 20 kamili. Maana yake ni kwamba kwa kila nukta moja iliyotoka studio, chombo chako hulazimika kubuni 19 nyingine za kukijaza kioo, na ubora wa ubunifu huo hutegemea kichakataji kilichomo ndani, ambacho ni miongoni mwa vitu ambavyo mtengenezaji huvipunguzia gharama anapotaka kuuza rahisi. Nukta hazipunguzwi, kwa sababu idadi yake huandikwa kwenye katoni. Hupunguzwa taa zilizo nyuma ya kioo, spika, na akili ya chombo, vitu ambavyo katoni haivitaji. Ndiyo maana uso wa msomaji wa habari uliokuwa utokee safi hutokea kama umepakwa unga, na mpira unaokimbia nyasini huacha mkia. Hata herufi HDR zilizochapwa kwa dhahabu aghalabu humaanisha tu kwamba chombo kinaweza kuipokea picha yenye tofauti kubwa ya mwanga na giza, ilhali taa zake hazina nguvu ya kuionyesha.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: mnunuzi asikubali kutoa fedha yake kabla hajaonyeshwa, katika chombo kile kile anachokinunua, matangazo yale yale atakayoyatazama kwake, na mwenye duka ahesabu kuwa ni wajibu wake kumwonyesha. Si jambo la anasa ninalolidai. Milingoti ya Kololo na Naguru, yanakotoka mawimbi, iko karibu mno na maduka haya, kiasi kwamba antena ndogo ya ndani, yenye bei ndogo mno ikilinganishwa na ya televisheni, ingetosha. Tangu Juni 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa Kampala, matangazo yetu huja kwa mfumo wa kidijitali wa DVB-T2, na televisheni nyingi za siku hizi zina kipokezi cha mfumo huo ndani yake. Muuzaji husema kwa fahari kuwa chombo kina king'amuzi chake, kisha hana waya wa kuithibitisha fahari hiyo! Naye mnunuzi asiyepata antena dukani na achukue king'amuzi chake mwenyewe kwenye mfuko, aombe kichomekwe, akae mbali na kioo kama akaavyo nyumbani, atazame.

Na hilo la kukaa mbali ndilo lipasalo kuamua ukubwa, wala si tamaa, wala si televisheni ya jirani. Inchi 55 zinazotajwa hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Kwa upana chombo hicho ni kama sentimita 122, na kwa kimo 68, ilhali kile cha inchi 65 kinafika sentimita 144 kwa 81. Kabla hujaenda mjini, bandika magazeti ukutani kwa vipimo hivyo, uketi mahali pako pa kila siku, na ukuta wenyewe utakushauri. Ikiwa kochi lako liko mita mbili na nusu au tatu kutoka ukutani, kama ilivyo katika sebule nyingi za Bugolobi nilizokaribishwa, na unachotazama ni chaneli za antena, basi inchi 43 au 50 zitakupa picha iliyotulia, na 55 ndiyo kikomo. 65 itakuonyesha kila dosari ya mawimbi, na utakuwa umelipa zaidi ili uone vibaya zaidi. Anayetegemea intaneti ana hesabu nyingine, kwa kuwa picha ya 4K ya Netflix inaweza kula gigabaiti 7 kwa saa moja na ile ya HD gigabaiti 3, na mwenye kununua bando kwa siku au kwa wiki ajiulize ni filamu ngapi atakazozimudu kwa mwezi kabla hajalipia nukta hizo.

Jambo la pili la kupima dukani, ambalo waandishi wa nchi za baridi hulipita haraka, latuhusu sisi hasa. Sebule zetu hazina kochi moja lililoelekea televisheni. Viti huzunguka kuta tatu, kwa sababu wageni wetu ni wengi na hatumwelekezi mgeni mgongo, hivyo nusu ya watazamaji hutazama kwa ubavu. Viko vioo ambavyo weusi wake ni mzito ukivikabili, lakini ukisogea pembeni nyuso hupauka. Viko na vingine ambavyo weusi wake ni wa kijivu kidogo ila rangi hudumu kutoka kila upande. Kwa sebule ya namna yetu mimi ningechagua hivi vya pili bila kusita. Mtihani wake ni rahisi: simama mbele, kisha tembea taratibu hadi ubavuni, huku jicho halitoki kwenye uso wa mtu aliye kiooni. Kwa jaribio hilo kasuku hafai, kwani nani ajuaye rangi halisi ya kasuku yule? Uso wa mwanadamu sote twaujua.

Chombo kikishanunuliwa, kisafirishwe kikiwa wima. Waendesha bodaboda wetu ni mahodari, lakini katoni iliyolazwa mapajani mwa abiria ikipita mashimo ya barabara hupinda katikati, na ufa wa kioo hauingii katika dhamana yoyote niliyowahi kuisoma. Afadhali ulipie gari. Ukutani, fundi achukue vipimo vya matundu ya nyuma kabla hajanunua chuma cha kuning'inizia, atoboe kwenye zege au tofali zima, wala si kwenye lipu tupu. Kisha mzuie, kwa heshima lakini kwa uthabiti, asikipandishe karibu na dari. Desturi hii tumeiiga kutoka kwenye mabaa, ambako watu husimama, na nyumbani huwaumiza shingo wote waliokaa. Katikati ya kioo pawe sawa na macho ya aliyeketi, kadiri ya mita moja au zaidi kidogo kutoka sakafuni. Mwenye watoto wadogo anayehofia mikono yao ana udhuru wa kuongeza kiasi, si kuongeza mita. Fauka ya hayo, sisi tulio karibu na ikweta twapata jua la magharibi mwaka mzima, kuanzia saa kumi hadi magharibi kuingia, basi kioo kisielekezwe kwenye dirisha la upande huo, kwani hakuna taa ya televisheni ya bei nafuu iwezayo kushindana na jua.

Mara ya kwanza chombo kiwashwapo huuliza kama kiko dukani au nyumbani. Jibu hilo likikosewa, maonyesho ya kasuku yatakufuata hadi sebuleni. Ukishachagua nyumbani, ondoka katika hali ya picha kali, uende kwenye ile ya filamu, rangi iwe ya uvuguvugu. Wengi wakiona hivyo mara ya kwanza hulalamika kuwa picha imekuwa ya manjano, na watoto hulalamika kuliko wote. Wape siku chache, macho yatazoea, na ngozi za watu zitaonekana kama ngozi. Punguza makali ya mistari hadi karibu na sifuri, maana makali hayo hayaleti habari mpya yoyote bali huzungushia kila kitu ukingo mweupe wa bandia, na kwa chaneli za kipimo cha zamani huo ndio uharibifu mkubwa kuliko wote. Mwanga wa nyuma upunguzwe usiku. Chombo cha inchi 55 kinachotumia wati 120 kwa saa nne kila siku hula yuniti zipatazo 14 za umeme wa Yaka kwa mwezi, na mwanga uliopunguzwa hupunguza idadi hiyo pia.

Kuhusu sauti sitakawia: spika za vyombo vyembamba ni dhaifu, na sabufa ya zamani iliyoko kabatini, ikiunganishwa kwa waya wake, huishinda nyingi ya hizo. Umeme ndio unaostahili neno zaidi. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zipigwazo na radi nyingi duniani, na nguvu ya umeme katika mitaa yetu hupanda na kushuka. Televisheni isiyo na kifaa cha kuilinda, kile ambacho mafundi hukiita tivii gadi, imeachwa rehani. Mvua ikitanda juu ya ziwa, chomoa waya wa umeme, na uchomoe waya wa antena pia, kwa kuwa radi huingia kwa njia zote mbili. Basi mwenye shilingi milioni mbili asinunue chombo cha milioni mbili. Anunue cha milioni moja na laki sita au saba, na kilichosalia kilipie gadi, chuma cha ukutani, antena na fundi.

Nirudi kwa wenye maduka, kwani wao ndio wawezao kulibadili jambo hili upesi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka muuzaji wa Uganda, mnunuzi akimwarifu matumizi anayoikusudia bidhaa na kuutegemea ujuzi wake, ampe bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo mnunuzi na aseme wazi mbele ya shahidi: nitatazama chaneli za antena, nitakaa mita tatu, wageni wangu huketi pembeni, na aombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya chombo na muda wa dhamana. Naye mwenye duka aning'inize antena moja dirishani, agawe waya wake kwa televisheni zote za ukutani, aweke kiti mita tatu kutoka kwenye kioo, na kila jioni saa za habari zikifika aizime ile filamu ya kasuku, ili mzee akiomba kuona habari asiambiwe asubiri hadi afike nyumbani.