Neno la Mpiga Simu Lisipotee: Kiswahili na Taarifa za Maafa Likoni, Kisauni na Changamwe

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu yakitanda juu ya Mombasa huonekana na kila mtu, lakini maafa yaletwayo na mvua hiyo huonekana kwanza na yule ambaye maji yamemfikia mlangoni. Huyo ndiye ajuaye maji yametoka wapi, yanapanda kwa kasi gani na nani amebaki ndani. Akiwa na simu, hupiga nambari ya dharura na kueleza. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: baada ya simu kukatwa, maneno yake huenda wapi? Aghalabu swali hili huachiwa wataalamu wa kompyuta na maafisa wa mashirika ya misaada. Makala haya yanashikilia kwamba ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la mitambo, na kwamba wasomi wa Kiswahili wana wajibu mkubwa ndani yake.

Kwanza yatazamwe mazingira yenyewe. Kaunti ya Mombasa ina kaunti ndogo sita, na Likoni, Kisauni na Changamwe zote ziko nje ya kisiwa. Anayetoka kisiwani kwenda Kisauni huvuka daraja la Nyali. Aendaye Changamwe hupitia Makupa. Naye aendaye Likoni hutegemea feri, ingawa barabara ya Dongo Kundu sasa imeiunganisha Likoni na upande wa Miritini bila ya kupitia kisiwani. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kisiwani. Kwa hivyo, taarifa ya maafa kutoka sehemu hizi tatu ni lazima ivuke maji, na msaada nao mara nyingi huvuka maji. Taarifa ikikosewa, gari la wagonjwa huenda likapelekwa upande usiokuwa na mgonjwa, na kulirudisha si jambo la dakika moja.

Wakazi wa Likoni hawahitaji kukumbushwa gharama ya maafa. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe iliyokuwa imejaza abiria kupita kiasi ilipinduka karibu na ufuo, na watu 272 wakapoteza maisha. Wakati huo simu ya mkononi haikuwa chombo cha mwananchi wa kawaida. Habari zilienezwa kwa mayowe na kwa miguu. Leo hali imebadilika. Ziko nambari za serikali za dharura 999 na 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya 1199. Mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, Wizara ya Afya iliwataka wananchi wapige 719. Kilio kimepata njia ya kusafiri kwa kasi. Hata hivyo, kilio kufika ni jambo moja, na kilio kueleweka ni jambo jingine.

Katika historia ya kukusanya taarifa za maafa kutoka kwa wananchi, Kenya ina nafasi ya kujivunia, na Kiswahili kina nafasi yake humo. Mnamo Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipoikumba nchi, kundi la Wakenya na wenzao liliunda programu iliyopokea ripoti za wananchi kwa ujumbe mfupi na kwa intaneti, kisha kuzionyesha juu ya ramani. Programu hiyo iliitwa Ushahidi. Jina hilo halikuteuliwa kiholela: mwananchi aliyeona ndiye shahidi, na alichokisema ndicho ushahidi. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ardhi liliiangamiza sehemu kubwa ya mji mkuu wa Haiti, na programu hiyohiyo ikatumika kuonyesha mahitaji ya waathiriwa kwenye ramani.

Kisa cha Haiti kina funzo kubwa kwa mwanafunzi wa lugha. Waathiriwa walipewa nambari fupi, 4636, watume ujumbe bila malipo. Makumi ya maelfu ya jumbe zilitumwa, nyingi kwa Krioli ya Kihaiti, ambayo waokoaji wengi kutoka nje hawakuifahamu. Waliookoa hali hiyo ni watu wa kujitolea, wengi wao Wahaiti waishio ng'ambo, waliosoma kila ujumbe, wakaufasiri, wakaupanga katika fungu lake na kutambua mahali ulipotoka. Kazi hii ya mwisho ndiyo iliyodhihirisha thamani yao. Mwenyeji alijua mtaa uliotajwa kwa jina la mazoea uko wapi, hata pale ambapo ramani haikuwa na jina hilo. Mtambo ulikusanya jumbe. Wenye lugha ndio waliozigeuza kuwa taarifa.

Pwani ya Kenya haina haja ya mfasiri aliye ng'ambo ya bahari. Mpiga simu wa Kisauni na mpokeaji simu wote wawili huenda wakazungumza Kiswahili kuanzia salamu hadi kuagana. Hatari huanza pale mpokeaji anapoandika. Ikiwa fomu iliyo mbele yake ni ya Kiingereza, yenye visanduku vya kutia alama, basi maelezo yote ya mpiga simu hubanwa yaingie katika neno moja la kigeni, kisha maelezo yenyewe hutupwa. Kinachosafiri kwenda kwa waokoaji ni alama ya kisanduku. Wala haikumbukwi kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Fomu ya dharura kuandikwa kwa Kiswahili si hisani. Ni utekelezaji wa Katiba.

Huenda msomaji akauliza ni kitu gani hasa kinachopotea. Na tuchukue mifano. Mama akisema "watoto wamo", mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sarufi anajua tofauti ya wapo, wako na wamo. Kiambishi -mo kimekwisha kumwambia mwokoaji kwamba watoto wamezingirwa ndani. Fomu ikiandika tu kwamba nyumbani kuna watoto, habari iliyokuwa muhimu kuliko zote imeachwa. Vivyo hivyo, "maji yanaingia" na "maji yameingia" si habari moja: ya kwanza inasema kuna wakati wa kuhamisha watu, ya pili inasema wakati huo unakwisha au umekwisha.

Pana pia maneno ambayo maana yake hutegemea mahali. Kwa wakazi wengi wa Mombasa, mfereji ni bomba la maji yatumiwayo nyumbani. Kwa aliyejifunza Kiswahili kwingineko, mfereji ni njia iliyochimbwa ardhini ya kupitishia maji. Akiambiwa "mfereji umepasuka", mpokeaji asiye mwenyeji hajui kama kinachohitajika ni fundi wa bomba au ni watu wa kuondoa familia kando ya mtaro. Chombo kikitota, kimezama; nguo zikitota, zimelowa. Je, aliyesema "watu wametota" anaomba mablanketi au anaomba wapiga mbizi? Na neno ng'ambo ndilo gumu zaidi kwa mji huu. Aliyeko Likoni akisema ng'ambo, anakusudia kisiwani. Aliyeko kisiwani akilitaja neno hilohilo, huenda akakusudia Likoni. Ripoti inayosema "ajali iko ng'ambo" bila kuandika msemaji alikuwa upande gani, haijasema kitu.

Zaidi ya hayo, lugha ya Pwani imehifadhi ujuzi ambao fomu haijaufikiria kamwe. Wavuvi huzijua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi mwezi uwapo mwandamo au mpevu, na huzijua siku za maji mafu, tofauti hiyo inapopungua. Mvua kubwa ikinyesha bahari ikiwa imejaa, maji ya mitaro ya mabondeni hukosa pa kutokea. Mzee wa Junda au Mtongwe anayepiga simu na kusema "mvua hii imekutana na bamvua" ametoa onyo la kitaalamu kwa maneno matano. Asiyejua bamvua ataandika "mvua" na kuendelea na simu ya pili. Mnamo Novemba 2023, mafuriko yalipoikumba Pwani pamoja na sehemu nyingine za Kenya, ilidhihirika tena kwamba maji hayaingii kila mtaa kwa wakati mmoja wala kwa njia moja. Ujuzi wa namna yanavyoingia umo vinywani mwa wakazi.

Wako watakaopinga hoja hii. Watasema kwamba wakati wa dharura hakuna nafasi ya uchambuzi wa maneno, na kwamba visanduku viliwekwa ili kazi iende haraka na takwimu zijumlishwe. Pingamizi hili lina uzito, na halifai kupuuzwa. Simu mia zikiingia kwa usiku mmoja, ni lazima zipangwe: ipi ni ya mtu aliye hatarini sasa hivi, ipi ni ya mali iliyoharibika, na zipi kumi zinazungumzia tukio moja lililoonwa na watu kumi. Bila mafungu, kazi hiyo haiwezekani. Lakini kisanduku na neno la mpiga simu havigombani. Alama itiwe, na kando yake sentensi moja ya mwenyewe iandikwe jinsi ilivyosemwa, pamoja na saa na mahali alipo. Uchambuzi wa maneno nao haufanywi usiku wa mafuriko. Hufanywa kabla, wakati wa kiangazi.

Ikumbukwe pia kwamba wingi wa simu si kipimo cha wingi wa shida. Mtaa ulionyamaza unaweza kuwa mtaa ambao umeme umekatika na simu zimezimika, au ambao wakazi wake hawakuwahi kuambiwa nambari. Yuko mzee wa Kigiriama huko Mwakirunge, au bibi wa Kidigo huko Shika Adabu, ambaye Kiswahili chake si cha redioni na huogopa kuchekwa na mpokeaji. Huko Changamwe, penye wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi, Kiswahili kinachozungumzwa kina ladha nyingi. Atakayesoma data za simu pasipo kujiuliza nani hakupiga, atawapelekea msaada wenye sauti na kuwasahau walio kimya. Huduma hizi zahitaji wapokeaji wanaosikia lahaja na lugha jirani bila dharau.

Jambo jingine ni amana. Anayepiga simu akiwa taabuni hutaja jina lake, nyumba yake, ugonjwa wake, pengine na siri ya ndoa yake. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu maalumu na zitumiwe kwa sababu hiyo. Kuhifadhi neno la mpiga simu, kwa hiyo, hakumaanishi kulianika. Jina na nambari yake vitengwe na maneno yake. Waokoaji wapewe wanachohitaji ili wamfikie. Mtafiti apewe sentensi isiyo na mwenyewe. Hapa pia lugha ina kazi: mpiga simu aelezwe haki hii kwa Kiswahili anachokielewa, kisiwe Kiswahili cha sheria kilichofasiriwa neno kwa neno.

Hatimaye, taarifa haina budi kurudi ilikotoka. Mkazi aliyetoa habari asipoambiwa zilifanyiwa nini, mara ya pili hatapiga. Mvua zikiisha, muhtasari wa simu za kila mtaa usomwe katika baraza la chifu, misikitini, makanisani na katika redio za Pwani: maji yaliingilia wapi, msaada ulichukua muda gani, ni mtaro upi ulioziba. Wananchi watasahihisha yaliyokosewa, na daftari la mwaka ujao litakuwa bora.

Kazi za kufanywa na wanafunzi wa Kiswahili zinajitokeza zenyewe. Ya kwanza ni faharasa ya maneno ya maafa kama yasemwavyo Mombasa, pamoja na maana zinazogongana na swali ambalo mpokeaji anapaswa kuuliza kwa kila neno. Ya pili ni orodha ya majina ya mitaa kama wakazi wayatamkavyo, yakiwamo yale yasiyoandikwa katika ramani yoyote. Ya tatu ni fomu ya Kiswahili, fupi, iliyojaribiwa na wapokeaji wenyewe. Kila moja kati ya hizi yatosha kuwa tasnifu ya shahada, na kila moja yaweza kuanza kwa wanafunzi wachache wenye daftari wakivuka feri siku ya Jumamosi. Isimu jamii, leksikografia na tafsiri hufundishwa madarasani mwaka baada ya mwaka. Hapa pana mahali ambapo elimu hiyo inaweza kupimwa kwa idadi ya waliofikiwa kwa wakati.

Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi, na miezi ya kiangazi inayozitangulia ni michache. Shime basi, wapenzi wa Kiswahili: faharasa hiyo iwe imekwisha kufika mezani kwa mpokeaji simu kabla ya maji kufika mlangoni kwa mpiga simu.